Mwalimu Asiyekuona



Siku za karibuni nilifika Dodoma kwa shughuli zangu, nikafikia kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Tanga, ambaye amepanga chumba mtaa wa Area D. Ijumaa tukaenda pamoja Msikiti wa Gaddafi, ule mkubwa uliofunguliwa mwaka 2010. Tulipoingia, kijana alivuta kiti, akakaa, akasali juu ya kiti. Umri wake ni miaka 23. Ubavuni mwake alikuwapo mzee mwenye mkongojo, na yule mzee alisujudu chini.

Tulipotoka nikamwuliza kulikoni. Akainamisha kichwa, akasema: "Goti, mjomba." Nikadhani ni mpira au pikipiki. La, haikuwa hivyo. Kwa muda wa miezi minane alikuwa akijifunza mchezo wa Kichina wa kujihami, ule uitwao taichi, na mateke kidogo ya kungfu, peke yake, juu ya sakafu ya simenti, akifuata picha za mafunzo katika simu. Hakuwa na mwalimu wala mwenzake.

Nilimwambia anionyeshe picha hizo, nikakaa nazo siku tatu. Nataka nikueleze niliyoyaona, kwa kuwa yumkini na nyumbani kwako yuko kijana aliyejifungia chumbani na simu yake, na wewe unamshukuru Mungu kwamba hayuko maskani.

Kwanza, nisidhaniwe kuwa naupinga mchezo wenyewe. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora kuliko aliye dhaifu, na katika wote wawili mna kheri. Vile vile ametukataza kupiga uso, na hilo laiti wenye kufundisha ngumi wangelianza nalo. Wala usiseme huu ni mchezo wa makafiri tu. Huko Uchina Waislamu wa kabila la Hui wana mitindo yao mashuhuri, kama ule uitwao Chaquan. Mmoja katika mabingwa wao alikuwa Wang Ziping, Muislamu wa Cangzhou, aliyezaliwa mwaka 1881 na kufa mwaka 1973. Huyu pamoja na nguvu zake alikuwa tabibu wa mifupa. Zingatia hapo, msomaji: mkono uliofundisha kupiga ndio uliojua kuunga. Mwanafunzi wake akiteguka, mwalimu yuko pale pale.

Na sisi tulio wazee leo tusijitie utakatifu. Ilipotoka sinema ya Bruce Lee, Enter the Dragon, mwaka 1973, nani katika vijana wa pwani hakurusha teke uchochoroni? Wakati huo Bara hakukuwa na televisheni, nayo haikuja mpaka mwaka 1994, ingawa Unguja walikuwa nayo tangu mwaka 1973. Tuliona katika majumba ya sinema, baadaye katika vibanda vya video, tukarudi nyumbani tukichechemea kwa furaha. Lakini sinema ile haikudai kutufundisha. Ilikuwa hadithi, nasi tulijua ni hadithi. Picha hizi za leo zasema jambo jingine kabisa. Zasema: nifuate mimi, utajua.

Basi tuzipime kwa dai lao wenyewe.

Anachojifunza mpwa wangu zaidi ni ule mfululizo wa mikao 24, ambao Wachina waliutunga mwaka 1956 kutokana na mtindo wa ukoo wa Yang, ili watu wengi wapate kuufanya kwa afya. Huchukua dakika tano au sita hivi. Ni mzuri kuutazama, na madaktari wamekwisha kuona kwamba mazoezi ya namna hii huwasaidia wazee wasianguke ovyo. Picha bora nilizoziona humwonyesha mwalimu mgongo, ili mwenye kutazama asichanganye kulia na kushoto, na hurudia kila mkao polepole. Hizo nazisifu, wala sioni haya kuzisifu. Nyingi lakini humweka mwalimu akikutazama, naye akisema mguu wa kushoto, jicho lako laona upande wa kulia. Kisha kabla hujajipanga picha hukatwa, ukamkuta yuko mkao mwingine, na ile hatua ya katikati hukuiona kamwe.

Na hatua ya katikati ndiyo mchezo wenyewe. Taichi yote imejengwa juu ya kujua mguu upi umebeba mwili na upi ni mtupu. Jambo hili halionekani. Waweza kusimama sawasawa na mwalimu, mikono yako kama yake, kiuno chako kama chake, na uzito wako ukawa mahali pengine kabisa. Mpwa wangu alikuwa akigeuka hali mwili mzima umelala juu ya mguu mmoja, unyayo umeganda sakafuni, paja lageuka na muundi haugeuki. Nani atalipa tofauti hiyo isipokuwa goti? Kisha akaupenda ule mkao wa kushuka chini kabisa, mguu mmoja umenyooshwa, kwa sababu ndio upendezao katika picha. Mwalimu aliye hai angalimwona mara moja, angalimgusa paja kwa kidole, akamwambia: "Panda juu, bado." Maneno matatu tu. Kwa miezi minane hakuna aliyemwambia.

Hapa ndipo ninapokusudia kufika. Sisi Waislamu jambo hili hatuhitaji kuambiwa na Mchina. Qur'ani ilikuwa ikiandikwa tangu zama za Mtume mwenyewe, na juu ya hivyo tunaipokea kwa mdomo na sikio, mwanafunzi mbele ya mwalimu. Mtume (s.a.w.) aliidurusu pamoja na Jibrili kila Ramadhani, na mwaka wake wa mwisho mara mbili. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri aliisoma yote katika santuri mwaka 1961, na nyumba ngapi za Mombasa, Lamu na Unguja zimenufaika na sauti yake! Lakini muulize maalimu yeyote wa chuoni. Mtoto aliyejifunza kwa kanda peke yake, herufi ya dhad humtoka vibaya, naye haisikii, kwa sababu sikio lake lasikia ile ya Husary na kudhani ni yake. Husary amsikilizisha, lakini hamsikilizi. Aliyekwisha kaa mbele ya maalimu ndiye anayefaidi kanda ile, kwa kuwa amekwisha kusahihishwa.

Kuna na picha nyingine, ambazo sitazipa nafasi kubwa. Humo yumo mtu aliyevaa hariri akinyoosha kiganja, na wanafunzi wake wakaanguka bila kuguswa, eti kwa nguvu ya pumzi. Mwezi wa Aprili mwaka 2017, mjini Chengdu, mwalimu wa taichi aitwaye Wei Lei alipigana na mpiganaji wa kisasa, Xu Xiaodong, akaangushwa chini ya nusu dakika. Uchina nzima ilitazama. Na bado kijana wetu alikuwa na picha tatu za viganja vya namna hiyo katika simu yake. Nilimwomba azifute, akazifuta mwenyewe, akicheka kwa haya.

Juu ya kuinama, ambako dada zetu wengi huulizia: salamu ya mchezo huu aghalabu ni kiganja juu ya ngumi, mbele ya kifua. Atakayemtaka mtoto wako arukuu mbele ya mtu au picha, mwondoe hapo, hata akiwa bingwa wa dunia. Simu haikumtaka hivyo. Katika hili simu ina salama yake.

Nimemwuliza kwa nini hakutafuta mtu. Akasema aliona aibu kuanza katika umri wake mbele za watu, na simu haimcheki. Maneno haya yamenikaa moyoni kuliko yote. Na Dodoma hiyo hiyo, katika Chuo Kikuu, iko Taasisi ya Confucius tangu mwaka 2013, yenye walimu wa Kichina. Pale pangekuwa pa kuanzia kuuliza, na nauli yake haifiki bei ya dawa alizokwisha kunywa.

Daktari amemkataza kuchuchumaa kwa wiki sita, kisha atamtazama tena. Picha bado anazo, nami sikumnyang'anya. Nilimwambia azitazame akiwa amekaa, na akipona aanze kwa mtu.

Mama yake alitumiwa picha ya kijana akicheza, akaionyesha mtaa mzima kwa fahari. Habari ya kiti hajaambiwa. Gazeti hili hulisoma kila linapotoka, basi dada yangu, leo umeijua. Usimgombeze kwa simu, mpandie gari.