Kinaya cha Ng'ambo katika Chozi la Heri

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, wanafunzi wetu hapa Juja huanza kuota Kanada. Hofu yao ina chanzo: baada ya kura ya Desemba 27, 2007, zaidi ya Wakenya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Ndoto hiyo huwafuata hadi kwenye insha. Wapo wanaomtaja Mwangeka, katika riwaya hii ya Assumpta Matei (2017), kama mwenye bahati kwa kuwa alikuwa ng'ambo. Usomaji huo ni finyu. Mwangeka alikwenda Mashariki ya Kati kudumisha amani ya wengine. Huku nyuma, mkewe Lily na mwanawe Becky wakateketea nyumbani kwa Ridhaa. Hiki ni kinaya cha hali: mlinda amani wa ugenini hakuwepo kuwalinda wake. Aidha, Ridhaa yuko kwenye uwanja wa ndege kumlaki mwana anayerejea, si kumsindikiza anayekimbia. Mtahiniwa asikomee kwenye 'alinusurika'. Aonyeshe kuwa kunusurika huko ndiko kidonda chake. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.