Usuhuba wa Mbali katika Riwaya ya Mariama Bâ

Riwaya ya Mariama Bâ iliyochapishwa mjini Dakar mwaka 1979 kwa jina la Une si longue lettre, ikapata Tuzo ya Noma ya kwanza mwaka 1980, na ambayo kwa Kiswahili huitwa Barua Ndefu Kama Hii, aghalabu husomwa kama hoja dhidi ya ndoa za wake wengi. Usomaji huo una msingi wake, kwani Modou Fall na Mawdo Bâ wote wawili huoa wasichana wadogo na kuwaumiza wake waliojenga nao maisha. Hata hivyo, usomaji huo huishia kwenye jeraha, ukaiacha dawa. Barua hii hakuandikiwa mume, wala kadhi, wala wakuu wa nchi. Mwanamke wa makamo amemwandikia shoga yake, kwa maana ya asili ya neno hilo huko Pwani, naye shoga huyo yuko ng'ambo ya bahari. Swali linalostahili kuulizwa basi ni hili: je, usuhuba wa watu wazima waliotenganishwa na masafa waweza kuubeba mzigo uliowashinda jamaa na ukoo?

Ramatoulaye, mwalimu na mama wa watoto 12, anakaa eda mjini Dakar baada ya kifo cha Modou, mume aliyemtelekeza miaka 5 kabla ya kufa. Aïssatou, aliyeachana na Mawdo akaondoka na wanawe wanne, ni mkalimani katika ubalozi wa Senegali nchini Marekani. Msomaji wa Lamu au Mombasa hahitaji kufafanuliwa miezi 4 na siku 10 za eda. Linalofaa kuangaliwa ni jinsi mwandishi alivyoigeuza sheria hiyo ikawa sehemu ya fani. Eda inamfunga mjane ndani ya nyumba, nayo barua inamfungulia mlango. Kadiri mwili wake unavyotulia mahali pamoja, ndivyo usemi wake unavyosafiri.

Hapana budi kukabili jambo moja ambalo wahakiki wengine huenda wakaliita kasoro. Ramatoulaye humsimulia Aïssatou mambo ambayo Aïssatou anayajua zaidi yake: fitina za mama mkwe aliyemdharau kwa kuwa binti wa sonara, kuvunjika kwa ndoa yake, hata maneno ya barua aliyomwachia Mawdo. Kwa kipimo cha uhalisia mtupu, hakuna haja ya kumpasha mtu habari zake mwenyewe. Lakini kipimo hicho hakitoshi. Katika matanga, habari ya marehemu husimuliwa mara nyingi mbele ya watu wanaoijua, wala hakuna asemaye kwamba imekwisha sikika. Kurudiwa kwake ndiko kunakoigawanya huzuni. Tena Ramatoulaye mwenyewe anaeleza kwamba mirathi ya Kiislamu hudai mali ya marehemu ianikwe wazi, ndipo anapoinua hukumu hiyo na kuzianika siri za Modou pia, pamoja na nyumba iliyowekwa rehani ili mke mdogo ajengewe makao. Mirathi ya namna hii yahitaji shahidi, na shahidi anayefaa ni yule aliyejua tangu utotoni, tangu chuo cha Kurani na nyua za bibi zao zilizotenganishwa kwa ua tu.

Usuhuba huu haukuishia katika maneno. Modou alipoondoka, Ramatoulaye na watoto walihangaika katika magari ya abiria huku mke mpya na mama yake wakitembezwa kwa motokaa. Aïssatou alipopata habari alimnunulia rafiki yake gari aina ya Fiat, na Ramatoulaye, kwa hofu yake yote, akajifunza kuliendesha. Yafaa tukio hili lilinganishwe na siku ya 40 ya msiba, Tamsir, kaka yake marehemu, alipofika kutangaza kwamba atamwoa mjane. Ukoo unatoa ulinzi na papo hapo unataka umiliki. Rafiki anatoa chombo cha kumwezesha mwenzake kwenda atakako, wala hadai kitu.

Tofauti hiyo huonekana zaidi riwaya ikiwekwa kando ya Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Humo pia mwanamke aliyepitia mengi anamwandikia mwanamke mwenzake, ila ni mama kwa binti: elimu inashuka kutoka juu, na shabaha yake ni nafasi ya binti katika nyumba ya mume. Kwa Bâ, maarifa yanakwenda sawia. Marafiki hawa walipatwa na dhara la namna moja wakalitolea hukumu mbili: Aïssatou aliondoka, Ramatoulaye akabaki. Hakuna anayemlaumu mwenziwe. Huu ndio ushahidi mkubwa wa usuhuba katika kitabu hiki, kuliko hata lile gari.

Pamoja na hayo, mipaka ya maono haya isifichwe. Sauti ya Aïssatou twaisikia kwa kinywa cha Ramatoulaye tu, na maneno yake pekee yaliyonakiliwa kwa kirefu aliandikiwa mwanamume. Aidha, msaada wake umewezekana kwa mshahara wa ubalozi. Wajane wengi hawana rafiki wa namna hiyo. Kisha kuna Farmata, jirani wa ukoo wa waghani, apigaye ramli kwa kauri. Huyu ndiye aliyetambua kwanza mimba ya binti wa Ramatoulaye, ambaye ni somo wa Aïssatou, na ndiye aliyetumwa na barua ya kumkatalia posa Daouda Dieng. Yu karibu kila siku, lakini riwaya haimpandishi hadi daraja ya sahibu. Mhakiki ana haki ya kuuliza kama umbali umerahisisha usawa ambao ujirani, wenye tofauti za tabaka, umeukosa.

Bâ, aliyefariki mwaka 1981, hakulikwepa swali hilo kabisa. Mwishoni Aïssatou anatarajiwa kuwasili, na Ramatoulaye anawaza kama mgeni wake atataka meza, sahani na uma. Anaazimia kwamba wataketi mkekani. Hofu hiyo ndogo ya chakula ina uzito: barua hudumisha usuhuba, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba walioachana bado wataweza kula pamoja. Riwaya inakoma kabla sinia halijaandaliwa, na uaminifu wake umo katika kukoma hapo.