Imeoshwa Sana Hii

Juzi nilimchezea mjomba "Yabaal" kwa simu, tumekaa nje ya duka lake hapa Buna na chai ya maziwa. Alisikiliza hadi mwisho bila neno. Halafu akanirudishia simu: "Imeoshwa sana hii."

Nilidhani ni malalamiko ya wazee tu. Lakini nimeirudia albamu nzima tangu siku hiyo, na naona mzee alifanya uhakiki kwa maneno matatu.

Albamu ni *Dur-Dur of Somalia*, iliyotolewa 2018 na Analog Africa, kampuni ya Ujerumani. Imekusanya Volume 1 na Volume 2 za Dur-Dur Band ya Mogadishu, za miaka ya 1980, pamoja na nyimbo ambazo hazikuwahi kutoka. Mwenye kampuni, Samy Ben Redjeb, alisafiri mwenyewe hadi Mogadishu 2016 kuufuatilia muziki huu. Kwa wakusanyaji ni santuri tatu, bei inakaribia mbuzi. Kwetu sisi wa bando ni linki tu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa, na naandika kwa kulipwa kwa neno. Santuri nitaionea pichani.

Tuanze na sifa, maana zipo. Durdur kwa Kisomali ni chemchemi, na bendi inastahili jina. Gitaa linalia kwa wah-wah, lile ambalo roki na bluzi za Marekani zilitembeza dunia nzima. Besi ni nzito, haina haraka. Lakini sikiliza chini ya hayo yote: kuna dhaanto. Kama umewahi kuona dhaanto ikichezwa harusini Wajir, mabega yatakutangulia kabla hujajua. Wageni husema inafanana na rege. Sawa, ila dhaanto ilikuwepo kabla rege haijazaliwa. Ufundi wa Dur-Dur ni kwamba hawakuivalisha ngoma ya nyumbani nguo za kuazima. Waliona tu kwamba inatosha kwa gitaa la umeme.

Na fikiria miaka yenyewe. Februari 1984 ni Wagalla, hapo karibu na mji wa Wajir. Kaskazini Mashariki ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991. Si kwamba Somalia ilikuwa peponi. Serikali ya Siad Barre iliipiga Hargeisa mabomu 1988. Lakini kijana wa huku aliyefika Mogadishu alisikia lugha ya mama yake ikitoka jukwaani, kwa spika kubwa, bila kunong'ona. Mjomba alikuwa kijana huyo. Alienda kutafuta kazi.

Sasa lawama. Wanaotoa upya muziki huu wanapenda sana neno "uliopotea". Mkusanyo mwingine mashuhuri wa nyimbo za Kisomali, wa 2017, umeliweka hadi kwenye jina. Umepotelea kwa nani? Nyimbo hizi ziliishi kwenye kaseti, moja ikinakiliwa kutoka nyingine, zikipanda lori na kushuka. Kila nakala iliongeza mchakacho, na mchakacho huo ulikuwa alama za mikono ya watu. Santuri inaufuta, kisha inatuuzia wimbo safi kama kitu kilichookotwa jangwani.

Mjomba anayo kaseti yake. Aliituma nyumbani kutoka Mogadishu ikiwa na Dur-Dur pande zote mbili. Hapa hapakuwa na kaseti tupu, na zamani hizo watu walitumiana barua kwa kaseti, kwa hivyo ayeyo, nyanya yangu, alijibu juu ya hiyohiyo. Wimbo unaenda vizuri, unakatika katikati, mtu anakohoa. Kisha ayeyo anasalimia, anasema mvua imenyesha, ngamia mmoja amezaa, na yeye hataki pesa, anataka mtoto wake arudi. Alirudi 1990. Mwaka uliofuata Mogadishu ikaanguka. Ayeyo sikumkuta hai.

Kwa hivyo nasemaje kuhusu albamu? Isikilize, tena kwa earphone nzuri; hii ni bendi kubwa na haki yake isubiri nini. Kuisafisha haikuwa kosa. Kosa litakuwa letu, tukidhani kwamba kampuni ya Ujerumani ikishamaliza, kazi imeisha. Imeokoa nyimbo. Haiwezi kuja Buna kuokoa kikohozi cha ayeyo.

Nilimwambia mjomba nitaihamishia kaseti yake kwenye kompyuta, nijaribu kuuvuta ule wimbo usikike vizuri. Alinikatiza.

"Wimbo si umeshapatikana? Wewe nishikie mama."

Utepe umeanza kulegea. Fundi mmoja Moyale anasema ana redio ya kaseti inayofanya kazi. Naenda Jumatatu.