Machbusi Iliyoharibikia Kwenye Blenda

Ndimu kavu tano, nyeusi tititi, ziliingia kwenye blenda na maganda na kokwa zake. Machbusi ya kuku, ule wali wa viungo wa Ghuba, iliyopikwa Ijumaa kwenye kipindi kimoja cha mapishi cha runinga ya huko iliharibika hapo hapo, kabla kuku hajaingia sufuriani, na saa nzima iliyofuata haikuweza kuiokoa.

Walioitazama wanaukumbuka mfuatano. Vitunguu vilikuwa vimeshakaangwa kwenye samli, vinaanza tu kugeuka rangi. Mpishi akachota vijiko vitatu vya chakula vya unga ule wa ndimu, akaumwaga juu ya vitunguu na kuongeza moto. Samli ikawa ya kahawia iliyokoza, moshi mwembamba ukapanda, naye akavuta pumzi na kutangaza kwamba hiyo ndiyo harufu yenyewe ya Oman. Hapana. Ile ilikuwa harufu ya unga mkavu ulioanza kuungua. Baada ya hapo ikaja bizari, akaja kuku, yakaja maji, ukaja mfuniko. Supu hakuionja hata mara moja mpaka mchele ulipotiwa, na mchele ukishatiwa hakuna la kurekebisha tena, kwa sababu unakunywa kila kilichomo.

Matokeo yalionekana mezani. Mgeni wa kushoto alipomaliza tonge la pili alikimbilia glasi ya maji, na kamera ikahamia haraka kwenye sinia. Rangi ikasifiwa. Ladha haikutajwa.

Kosa lilianzia kwenye kokwa. Ndani ya matunda ya jamii ya michungwa kuna kiambata kisicho na ladha ambacho, tunda likishapasuliwa na kukutana na asidi yake, hugeuka polepole kuwa limonini, na joto huiharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana maji ya machungwa yaliyokamuliwa asubuhi yakiwa matamu yanaweza kunyweka kwa shida jioni. Limonini ni chungu mno: kwenye maji ya chungwa, takriban miligramu 6 kwa lita zinatosha watu wengi kuuhisi uchungu wake. Nayo imesheheni kwenye kokwa. Ndimu hii ndogo, ile ile inayokamuliwa juu ya samaki Mombasa na Unguja, ina kokwa nyingi kuliko ukubwa wake. Ukizisaga zote tano hivyo, unga unaoupata ni wa uchungu kwanza, uchachu baadaye.

Kosa la pili ni kuwa unga wenyewe hautolewi. Ndimu kavu nzima ikitobolewa kwa uma au ncha ya kisu mahali pawili au patatu, supu huingia ndani, huvuta uchachu na ile harufu nzito, kisha hutoka taratibu. Kokwa hubaki ndani ya ganda. Mpishi anaonja, ikiwa bado, anaibana ndimu kidogo kwa mwiko ukutani mwa sufuria, ikiwa imetosha, anaitoa. Usukani wote uko mkononi mwake. Unga ukishaingia, mpishi amebaki mtazamaji.

Kisha wakati. Ndimu kavu iliyosagwa ina mahali pake, na si pabaya: kokwa zikiwa zimetolewa kwanza, nusu kijiko cha chai mwishoni kwenye mchuzi, au kuunyunyiza juu ya samaki aliyetoka kwenye jiko la mkaa. Mafuta ya moto mwanzoni mwa upishi si mahali pake hata kidogo. Na ukurasa huu utaendelea kupiga kelele kuhusu vile vichupa vya unga wa ndimu vinavyouzwa madukani, visivyosema kama kokwa zilitolewa, vikakaa rafuni mpaka harufu ikatoweka ukabaki uchungu peke yake. Wapishi wa runinga ndio waliovipa heshima visiyostahili.

Wenzao ni wale wanaokamua ndimu mbichi kwenye machbusi na kusema hakuna tofauti. Tofauti ipo, tena kubwa. Ndimu kavu huchemshwa kidogo kwenye maji ya chumvi, kisha huanikwa juani mpaka maji yote yaishe, ganda ligeuke hudhurungi au jeusi na tunda liwe jepesi kama ganda la yai. Katika kukauka huko nyama ya ndani huiva rangi na kupata harufu ya udongo na ya kitu kilichochacha, ambayo ndimu mbichi haina hata tone. Watu wa pwani, wanaojua achari ya ndimu inavyogeuka juu ya bati kwa chumvi na jua, hawahitaji kubembelezwa walielewe hilo.

Najmieh Batmanglij alilimaliza suala hili zamani. Kitabu cha Mwirani huyo aliyehamia Marekani, *Food of Life*, kilitoka mwaka 1986, na ndani yake ghormeh sabzi, ule mchuzi wa nyama, maharage na majani mengi ya kijani yaliyokaangwa, hutiwa ndimu kavu nzima zilizotobolewa. Nzima! Hakuwa na kamera ya kufurahisha, wala hakuogopa kumwambia msomaji asubiri. Wairaki wanaopika chai ya ndimu hizi nao huzipasua, hutupa kokwa, ndipo huchemsha maganda. Hao hawakuhitaji kusomeshwa kemia ya limonini.

Uzembe ule unauma zaidi ukikumbuka ndimu hizi zimepitia wapi. Ugonjwa unaofanya matawi ya mndimu yachipue mafungu mafungu kama ufagio ulionekana Oman miaka ya 1970 na ukateketeza mashamba ya ndimu ya Batina. Mwaka 1989 ulibainika Falme za Kiarabu, mwaka 1997 Iran. Leo sehemu ya ndimu kavu zinazouzwa masoko ya Ghuba hutoka mbali kama Guatemala. Mpishi wa Oman anayezipata nzima, zinazonukia, hana ruhusa ya kuzitupa kwenye blenda kwa sababu tu mlio wake unapendeza hewani.

Mchele wake, kwa haki, ulilowekwa vizuri na ukatoka punje moja moja.

Kipindi kijacho kimetangazwa kuwa machbusi ya kamba, na hapo hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kamba huiva kwa dakika chache na ndimu nzima haipati muda wa kutoa kitu. Jawabu si blenda. Zitobolewe ndimu tatu, zilowekwe maji ya moto nusu saa, kisha zichemkie kwenye supu ya vichwa na maganda ya kamba. Supu ichujwe na kuonjwa, ndimu zibanwe au zitolewe kulingana na ulimi unavyosema, mchele upikwe humo, na kamba wenyewe waingie mwisho kabisa, moto ukiwa umeshapunguzwa.