Maombi na Tangazo: Maandiko ya Walowezi wa Amerika, 1765 hadi 1776

Katika Kiswahili neno mkoloni humtaja mtawala aliyetoka ng'ambo, na uhuru ni kitu kinachodaiwa kutoka kwake. Kwa hiyo historia ya makoloni kumi na matatu ya Amerika ya Kaskazini humtatiza mwanafunzi wa Kiswahili tangu mlangoni, maana huko aliyedai uhuru ni mlowezi mwenyewe, ambaye aghalabu alikuwa wa damu moja, dini moja na lugha moja na wale aliowakataa. Dola haikuwa imemteka. Yeye alikuwa mkono wake. Swali basi ni jinsi mwana wa nyumba alivyofikia kusema kwamba nyumba ile si yake. Jibu la kawaida ni kodi. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Maandiko yenyewe, yakisomwa kwa mfuatano wa miaka yake, huonyesha kwamba jambo lililobadilika zaidi ni yule anayeandikiwa.

Sababu za kwanza zafahamika. Vita vya Miaka Saba viliisha mwaka 1763, Uingereza ikiwa imeishinda Ufaransa na kubaki na deni kubwa. Mwaka ule ule mfalme aliwakataza walowezi kuhamia magharibi ya milima ya Appalachian, na mwaka 1765 Bunge la London likapitisha Sheria ya Stempu, iliyotoza ushuru juu ya magazeti, hati za mahakama na hata karata za kuchezea. Ni vigumu kufikiri kodi iliyochaguliwa vibaya kuliko hiyo, kwa kuwa iliwaudhi kwanza wapiga chapa na mawakili, yaani watu wenye kalamu. Sheria ilifutwa mwezi wa Machi 1766. Lakini pamoja na kuifuta, Bunge lilijitangazia haki ya kuyatungia makoloni sheria katika mambo yote.

Mwandishi mkubwa wa kipindi cha maombi ni John Dickinson, wakili wa Pennsylvania aliyejivika joho la mkulima na kuandika barua kumi na mbili magazetini kati ya 1767 na 1768, kupinga ushuru wa chai, karatasi, kioo, rangi na risasi. Hoja yake ni ya kisheria: Bunge laweza kuongoza biashara ya dola, lakini haliwezi kutoza ushuru kwa nia ya kukusanya fedha kwa watu wasio na wajumbe ndani yake. Sauti yake ni ya mwana anayemlalamikia mzazi bila kumvunjia heshima. Wahakiki wengi humpita haraka kana kwamba alikuwa mwoga. Hukumu hiyo haina haki. Bila ya Dickinson watu wa makoloni mbalimbali wasingalijua kwamba malalamiko yao ni mamoja, na adabu ya barua zile ndiyo iliyowafanya watu wapole wazisome.

Hata hivyo adabu hiyo ilikuwa na kikomo chake, na kikomo kilionekana Julai 1775. Damu ilikuwa imekwisha mwagika Lexington mwezi wa Aprili, na bado Baraza la makoloni lilimpelekea Mfalme George III ombi la mwisho la amani, kwa kalamu ya Dickinson huyo huyo. Ndani yake lawama zote zimewekwa juu ya mawaziri. Msomaji wa hadithi za pwani atautambua mtindo huo mara moja: Sultani ni mwema, Waziri ndiye fitina. Ni mtindo wenye hekima, kwa sababu humwachia mwenye enzi njia ya kurudi bila aibu. Lakini wategemea jambo moja, kwamba mwenye enzi atakubali kuusoma. George hakukubali kulipokea ombi lile. Mwezi wa Agosti akatangaza kwamba makoloni yameasi. Mwandishi wa maombi akawa hana tena wa kumwandikia.

Hapo ndipo alipoingia Thomas Paine. Alikuwa Mwingereza aliyezaliwa Thetford mwaka 1737, mshona makoti ya ndani ya wanawake, kisha mtumishi wa ushuru aliyefukuzwa kazi. Alifika Philadelphia mwishoni mwa 1774 akiwa na barua ya kumtambulisha kutoka kwa Benjamin Franklin. Kijitabu chake, Common Sense, kilipigwa chapa tarehe 10 Januari 1776 bila jina la mtungaji. Mengi ya hoja zake yalikuwa yamekwisha nong'onwa. Upya wake ni kwamba hakumwandikia mfalme wala Bunge. Alimwandikia fundi, mkulima na askari, na kwa sababu hiyo vitabu vya sheria, ambavyo Dickinson aliviegemea, akaviweka kando. Badala yake alichukua kitabu ambacho kila nyumba ilikuwa nacho: akasimulia upya jinsi Waisraeli walivyomdai Samweli awape mfalme, na jinsi Mungu alivyochukizwa. Paine mwenyewe hakuwa mtu wa kanisa sana, na yako mashaka kama aliiamini hoja hiyo kwa moyo wote. Lakini alijua nani anamsikiliza.

Umahiri wake mkubwa uko katika mfano wa mzazi na mwana. Mfano huo ulikuwa nguzo ya maombi yote, na mpinzani dhaifu angaliukanusha tu. Paine aliukubali, kisha akaugeuza. Kama Uingereza ni mama, asema, basi aibu yake ni kubwa zaidi, maana hata mnyama hali watoto wake. Na kama mtoto amekua kwa maziwa, haifuati kwamba asile nyama kamwe. Halafu, msomaji akiwa bado anatabasamu, akamnyang'anya mfano wenyewe: mzazi wa Amerika ni Ulaya nzima, kwa kuwa walowezi walitoka nchi nyingi. Baada ya kurasa hizo chache, neno mama halikuweza tena kuandikwa na mlowezi bila kuchekesha.

Tangazo la tarehe 4 Julai 1776, ambalo Thomas Jefferson aliliandika na Baraza likalikata na kulirekebisha, ni kazi ya namna nyingine. Watu hukumbuka utangulizi wake juu ya usawa wa binadamu, lakini mwili wa Tangazo ni hati ya mashitaka, na karibu kila shitaka laanza kwa kumtaja mfalme. Bunge, lililolaumiwa kwa miaka kumi, latajwa kwa kuzunguka tu. Yule aliyesamehewa katika kila ombi sasa amesimamishwa kizimbani peke yake. Dickinson hakulitia sahihi.

Kwamba fremu ya Tangazo yaweza kutengwa na utangulizi wake, walowezi wa Rhodesia walilithibitisha tarehe 11 Novemba 1965. Waliiga mwanzo wa Jefferson, wakayaacha maneno ya usawa na ya ridhaa ya watawaliwa, wakamaliza kwa kumwombea Malkia wa Uingereza.

Lakini pengo hilo halikuanza Rhodesia. Katika Kiswahili neno huru lilikuwa kwanza hali ya mtu asiye mtumwa, na mtumwa aliyeachwa huru alijua vyema maana yake. Waandishi wa Amerika walilitumia neno utumwa kwa ushuru wa chai, ilhali watumwa wenyewe walikuwa wakiwapikia chai hiyo. Samuel Johnson aliwacheka kwa jambo hilo kutoka London mwaka 1775. Jefferson, mwenye watumwa, alitia katika rasimu yake shitaka kali juu ya biashara ya watumwa, akimbebesha mfalme mzigo wote, Baraza likalifuta.

Yuko mwandishi mmoja wa miaka ile ambaye kalamuni mwake neno uhuru halipungui uzito. Phillis Wheatley alitekwa Afrika ya Magharibi akiwa mtoto, akauzwa Boston mwaka 1761, akatoa kitabu cha mashairi London mwaka 1773. Katika shairi lake kwa Bwana wa Dartmouth, waziri wa makoloni, aeleza kwamba kupenda kwake uhuru kumetokana na kunyang'anywa kwake kwa wazazi. Na katika barua aliyomwandikia Samson Occom, mhubiri wa kabila la Mohegan, barua iliyochapwa magazetini mwaka 1774, asema kwamba Mungu ameutia katika kila moyo utashi wa kukombolewa, kisha astaajabia kwa utulivu mwendo wa watu wapigao kelele za uhuru huku wakiwakandamiza wengine. Barua hiyo yatangulia Tangazo kwa miaka miwili. Jefferson aliyajua mashairi ya Wheatley. Katika kitabu chake juu ya Virginia, kilichopigwa chapa London mwaka 1787, aliandika kwamba hayastahili hata kuhakikiwa. Barua kwa Occom hakuitaja.