Leta Ndogo: Nani Atakata Ua la Mgomba?

Wandugu, katika mabishano yetu juu ya Leta kuna wanaosema: ipunguzwe, ibaki polisi na tribinali, mengine raia watajipangia. Wazo hilo lilipata mtetezi hodari katika kitabu cha Robert Nozick, profesa wa Harvard: Anarchy, State, and Utopia, cha 1974. Kwake, Leta ya haki inalinda watu juu ya nguvu, wizi na udanganyifu, na kuona mapatano yametimizwa. Basi. Ikilipisha mmoja kodi ili isaidie mwingine, ni sawa na kumfanyisha kazi ya nguvu.

Kuna mahali ana haki. Mama anayeshusha maharagi sokoni analipa barieri moja, analipa ingine, na jeton haioni. Mpakani, dekreti ya 2002 iliruhusu huduma nne tu: forodha, OCC, DGM na usafi. Mwenye kuvuka na mzigo anajua ni meza ngapi zinamngoja. Leta ya namna hii, hata mimi naomba ipungue.

Lakini mimi ni agronome, na hapa njo kitabu kinanishinda. Chukueni ugonjwa wa migomba wa bakteria Xanthomonas, ulioonekana Masisi tangu 2001. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ndani zimeoza. Wadudu wanaubeba toka ua hadi ua. Panga linaubeba toka shina hadi shina. Dawa ni kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, kupitisha panga kwenye moto, kuondoa shina lenye ugonjwa. Kazi rahisi, ila lazima mtaa mzima ufanye. Jirani asipokata, hajaniibia, hajanipiga, hajanidanganya, na shamba langu linakufa. Unaweza kumshitaki, sawa, lakini utaonyesha namna gani kwamba mdudu alitoka kwake? Tribinali inafika wakati migomba imekwisha. Hapa inatakiwa moniteri mwenye mshahara na pikipiki, anayepita kila kijiji mbele ya ugonjwa. Huyo analipwa na kodi.

Tena kuna udongo. Nozick anasema mali ni halali kama ilipatikana kwa haki na kupitishwa kwa haki. Kama hapana, kosa lirekebishwe. Kwetu, amri ya 1 Julai 1885, wakati wa Léopold II, iliweka ardhi zilizoitwa tupu mikononi mwa Leta. Sheria ya 20 Julai 1973 ikasema udongo wote ni wa Leta. Sasa tuanze kuhesabu haki toka mwaka gani? Nozick mwenyewe anakubali kwamba maovu ya zamani yanaweza kuwa makubwa hata ikahitajika Leta kubwa zaidi kwa muda, ili iyatengeneze. Maneno hayo ni machache, yamefichama karibu na mwisho wa sura ya saba. Kwa msomaji wa Kongo, yalipaswa kuwa sura ya kwanza.

Njo maana naona tunabishana vibaya. Ukubwa wa Leta haupimwi kwa kilo. Kwetu ni nene barierini na imekonda shambani. Anayetaka kukata, aanzie barierini. Akimkata moniteri kwanza, amekata mkono uliokuwa unatulisha.