Jina la Mji ni Amana

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza swali moja: je, yafaa timu ya wachezaji wa kulipwa iuwakilishe mji au mkoa? Swali hili si la michezo peke yake. Jina la mahali ni sehemu ya utamaduni wa watu wake, na timu inayolibeba uwanjani hubeba pamoja nalo heshima ya watu ambao aghalabu hawakuulizwa.

Wapo wasemao kwamba timu ya kulipwa haiwezi kuwakilisha mahali popote, kwa kuwa mchezaji huenda penye mshahara. Hoja hii haina uzito mkubwa. Mwalimu aliyezaliwa Bukoba akafundisha Lindi miaka ishirini si mgeni tena kwa wanafunzi wake; kazi yake imemfanya kuwa mwenyeji. Mchezaji naye ni vivyo hivyo. Tatizo haliko kwa wachezaji, bali liko kwa wenye timu.

Tutazame mfano wa Ihefu. Hilo ni jina la ardhi oevu ya bonde la Usangu, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, ambayo maji yake huulisha mto Ruaha Mkuu. Timu iliyobeba jina hilo ilipanda Ligi Kuu, na tarehe 29 Novemba 2022, ikiwa nyumbani Mbarali, iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1. Hapo ukakoma mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo Yanga ilikuwa haijafungwa. Jina la wilaya ya wakulima wa mpunga likavuma nchi nzima. Mwaka 2024 timu hiyo ikahamia Singida, ikaitwa Singida Black Stars.

Hatusemi kwamba kuna aliyevunja sheria. Mwenye mali ana uhuru juu ya mali yake, na watu wa Singida nao wana haki ya kuiona Ligi Kuu kwao. Lakini hapana budi tujiulize: kijana wa Mbarali aliyelishangilia jina la kwao siku ile, alikuwa mwenyeji wa timu ile au mtazamaji tu?

Mbeya City ilifuata njia nyingine. Iliasisiwa na halmashauri ya jiji, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza ikashika nafasi ya tatu. Timu ya aina hii si rahisi kuhamishwa. Hata hivyo njia hii nayo ina gharama, kwa maana fedha ya halmashauri ndiyo hiyo hiyo inayotazamiwa na zahanati na madarasa.

Tena, Simba na Yanga hazina jina la mji wowote, lakini wapenzi wake wako Kigoma kama walivyo Mtwara. Yanga iliasisiwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na zote mbili zilikua zikiwa vyama vya wanachama. Simba ilipoliacha jina la Sunderland mwaka 1971 haikuwapoteza watu wake. Ni dhahiri basi kwamba kinachowaunganisha watu na timu si jina, bali ni sauti yao ndani yake.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba timu ya kulipwa yaweza kuuwakilisha mji, kwa sharti moja: wananchi wa mji huo wawe na kiti katika baraza lake, na neno lao lisikilizwe kabla timu haijauzwa, haijahamishwa wala haijabadilishwa jina. Pasipo sharti hilo, mji huwa umeazimwa timu tu, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri.